Maswali yenu: Nitajuaje kama anayemposa mwanangu alishafungwa?

Safari hii nimechagua barua tatu zinazozunguka jambo moja, rekodi za kesi za watu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu najua iko kwenye nyumba nyingi hapa Mombasa, ni vile tu watu hawaisemi.

SWALI: Assalamu alaikum dada. Naishi Kisauni, nina watoto wanne na mume wangu ni marehemu. Binti yangu mkubwa ameletewa posa na kijana wa Tana River, kwao ni kijijini huko ndani ukishapita Garsen, hapa mjini ana miaka mitatu anaendesha lori. Mimi sina neno nae, ana adabu zake. Lakini kuna mtu amekuja kuninong'oneza ati kule kwao alishafungwa kwa kumpiga mke wa kwanza. Nimeambiwa niende ofisi za kaunti pale Hola nikaulize, alafu kuna kijana wa saiba anasema nimpe elfu tatu na namba ya kitambulisho cha huyo bwana atanitolea kila kitu. Nifanyeje? Sitaki kuvunja posa kwa umbea na sitaki kumpeleka mwanangu kwenye moto.

JIBU: Waalaikum salaam dadangu, na pole sana kwa kubaki na mzigo huu peke yako. Kwanza ujue kuulizia habari za mwanamume anayekuja kuoa kwako sio umbea, wazee wetu walikuwa hawapokei posa mpaka wameuliza huku na kule, na wewe umeletewa habari ya mkono juu ya mwili wa mwanamke, hapo usipouliza ndio utakuwa umekosa.

Hola kwenye ofisi za kaunti usiende, utakula nauli bure. Tangu kaunti zianze 2013 watu wengi wanadhani kila faili liko kaunti, lakini polisi na mahakama ni za serikali kuu, gavana hana rekodi ya mtu hata mmoja aliyefungwa. Na huyo kijana wa saiba usimpe kitu. Namba ya kitambulisho haitoi rekodi, rekodi ya jinai hapa Kenya inafuata vidole. Mtu akihukumiwa alama za vidole vyake zinawekwa Nairobi kwa wapelelezi wa DCI, awe alifungwa Hola, Lamu ama Kisii ni mamoja, na ili iangaliwe lazima mwenyewe apeleke vidole vyake. Sasa huyo wa elfu tatu atakuletea nini? Ama karatasi ya kughushi, ama kama kuna afisa anayemuuzia habari basi hapo umeingia kwenye hongo na kwenye kuvunja Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na wewe ndio uliyelipa. Mimi jamaa yangu wa karibu alishapewa karatasi ya namna hiyo ina mpaka muhuri, akamfukuza kazi mtu wa watu, baadae ikajulikana ile karatasi ilichapwa nyuma ya duka. Bado roho inaniuma nikikumbuka.

Kile unachotaka wewe ni cheti cha tabia njema, kile tunachokiita good conduct, na anayekiomba ni yeye kijana. Anaingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, kwa akaunti yake, anachagua DCI, analipa 1,050 kwa M-Pesa, anaprinti fomu ya C24 mbele na nyuma kwenye karatasi moja pamoja na invoisi, anachukua kitambulisho chake anaenda Huduma Centre ama ofisi ya DCI iliyo karibu anachovya vidole wino. Sio lazima arudi kwao, hapa hapa mjini anamaliza. Alafu ikiwa tayari cheti kinashuka kwenye akaunti yake ile ile, na hapa ndio nakuomba uwe makini, usipokee fotokopi wala picha ya WhatsApp, mwambie afungue eCitizen yake mbele ya ndugu yako muone wote kinavyoshuka. Anayeghushi hawezi kughushi akaunti iliyo wazi mbele yenu.

Utasema nitamwambiaje, ataona namdharau. Usimwambie wewe. Tafuta mjomba wake binti ama mzee mmoja wa msikitini, aseme na upande wa kijana kwamba kwenye masharti ya posa kuna hili, na kwamba nyinyi pia mko tayari kuulizwa lolote. Dereva wa lori pengine alishaombwa cheti hicho kazini, hatashangaa. Mimi namwangalia zaidi mtu anavyopokea ombi kuliko karatasi yenyewe. Na kama atakaa na nyinyi aseme mwenyewe ndio, nilifungwa, nilikosea, mambo yalikuwa hivi na hivi, hapo mna la kuzungumza na binti anaamua akiwa macho wazi, manake ndoa ni yake.

Sasa kuna upande ambao nataka uuelewe vizuri kabisa. Cheti kikija safi hakijakwambia hakumpiga yule mke. Kimekwambia tu hakuna hukumu iliyoshikana na vidole vyake. Kesi ambayo bado iko mahakamani usitegemee kuiona humo, na kule vijijini wewe mwenyewe unajua, mume akimpiga mke mambo mengi yanaisha kwa wazee, maslaha inafanyika, mbuzi wanatoka, mwanamke anarudishwa na polisi hata hawajaandika kitu kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo. Na barua ya chifu nayo usije ukaiona ni rekodi ya mahakama, chifu anaandika anavyomjua mtu. Kwa hivyo mimi ningekuwa wewe ningemtafuta yule mke wa kwanza. Tuma mwanamke mtu mzima anayejua kusema na watu, akae nae chini, asiende na maswali ya kipolisi. Kama waliachana kwa Kadhi kuna faili pia, na sababu za kuachana mara nyingi zimo humo ndani.

Mahakama nayo ipo kama una pa kuanzia. Kesi za jinai zinasikilizwa hadharani, na faili linabaki kwenye masjala ya mahakama iliyosikiliza, kwa upande huo itakuwa Garsen ama Hola. Unaandika barua ya kuomba kulisoma faili ukieleza wewe ni nani na unalitakia nini, kuna ada kidogo, lakini ukienda na jina peke yake karani atahangaika tu, angalau uwe na jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho na mwaka, ukiwa na namba ya kesi ndio bora. Na kama alikata rufaa, hukumu nyingi za Mahakama Kuu ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law, unaandika jina unatafuta. Hapo tahadhari dadangu, majina yetu ya Pwani na ya Tana yanafanana sana, unaweza kuona Mohamed Ali amefungwa na sio Mohamed Ali wako. Usimhukumu mtu kwa jina.

SWALI: Mimi ni kijana wa Ukunda, 2022 nilishikwa na wenzangu kwa kesi ya wizi, tukapelekwa mahakamani Kwale, baada ya muda tukaachiliwa. Saizi nimepata kazi ya hoteli wanataka good conduct na naogopa itasoma mimi mwizi. Kuna njia?

JIBU: Iko, na usiikimbie hiyo kazi. Kitu cha kwanza ni kujua mliachiliwa vipi, manake neno kuachiliwa lina mambo mengi ndani yake. Nenda masjala ya mahakama ile na namba ya kesi, ukikosa namba nenda na jina na mwezi mlioshtakiwa, uombe nakala ya uamuzi iliyopigwa muhuri wa mahakama. Angalia kifungu cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kilichotajwa humo. Ukiona 210 maana yake hakimu aliona hamna kesi ya kujibu, 215 ni baada ya kusikiliza pande zote akaona hamna hatia, 202 ni mlalamishi hakutokea, hizo zote umeachiliwa kabisa. Ukiona 87(a) basi upande wa mashtaka uliiondoa kesi, na ikiwa iliondolewa kabla hamjaanza kujitetea wanaweza kuirudisha baadae, hapo ni vizuri uongee na wakili.

Alafu omba cheti chako kama kawaida. Kikija safi umemaliza. Kikija na ile kesi, chukua nakala yako ya mahakama upeleke DCI na barua ya kuomba rekodi irekebishwe, sheria ya data inakupa haki ya kusahihishiwa habari ya uongo ama inayopotosha. Na huku unangoja mwambie meneja ukweli na umwonyeshe karatasi ya mahakama. Katiba inakuhesabu huna hatia mpaka ithibitishwe, na kwako haikuthibitishwa. Ungekuwa ulikuwa chini ya miaka 18 wakati ule pia ungesema, manake sheria ya watoto hairuhusu neno kutiwa hatiani kutumika kwa mtoto.

SWALI: Nina mchumba Mmarekani, anaishi kaunti moja ya mashamba huko Texas, anataka kunipeleka kwa viza ya wachumba. Mamangu hana raha, mimi nampenda lakini nataka kujua kama ana kesi. Niko Tudor, nitaangalia vipi kutoka huku?

JIBU: Mama yako yuko sawa na wewe pia uko sawa. Huko mambo yamepinduka, kwao kaunti ndio yenye faili, na mtu yeyote anaruhusiwa kuuliza hata bila ruhusa ya mwenyewe. Texas ina kaunti 254 na kila moja ina makarani wake wa mahakama. Makosa makubwa yanakaa kwa yule anayeitwa District Clerk, madogo kwa County Clerk, na kumpiga mwenza mara ya kwanza bila silaha kwao mara nyingi ni kosa dogo, kwa hivyo usiulize upande mmoja ukaridhika, uliza kote kuwili. Kaunti ndogo nyingine hazijaweka faili zao kwenye intaneti, inabidi upige simu ama uandike barua, unawapa jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na miaka unayotaka waangalie, nao watakutoza ada ya kutafuta. Bila tarehe ya kuzaliwa usihangaike, utaletewa watu kumi wenye jina moja. Kuna pia idara ya usalama ya jimbo, Texas DPS, ina sehemu ya mtandaoni ya kutafuta waliohukumiwa Texas nzima kwa pesa kidogo, na orodha ya taifa ya wenye makosa ya ngono ni bure, tovuti inaitwa NSOPW. Muulize pia alishaishi wapi kabla, kama alikuwa Ohio miaka kumi basi Texas haitakwambia ya Ohio.

Na kitu ambacho wasichana wengi wa hapa hawaambiwi: kwa viza hiyo ya K-1 kuna sheria yao ya 2005 inayomlazimu mwanamume kutaja kwenye fomu ya I-129F, ile anayoijaza kukuombea viza, kama alishahukumiwa kwa kupiga mwenza, kwa makosa ya ngono na mengine ya kudhuru watu, na ubalozi unatakiwa ukuambie wewe yale waliyoyapata. Siku ya mahojiano pale Nairobi ingia mwenyewe, uliza kwa mdomo wako kama kuna rekodi, na wakikupa kile kijitabu cha haki zako usikitie kwenye mkoba, kisome kabla hujakata tiketi.