Re: Vidani na hereni bila kuharibu bahari

Dada, umeuliza malighafi gani utumie hapo Bagamoyo bila kuharibu bahari, na kama ni sawa kuwalipa kina mama wanaotunga shanga baada ya mali kuuzwa.

Magamba ya ng'amba, yule kasa wa baharini, na matumbawe sahau kabisa. Biashara ya kimataifa ya magamba ya ng'amba imepigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mtalii akikamatwa nayo uwanja wa ndege, aibu ni yako. Kauri za baharini zinazong'aa kama kioo nazo zitilie shaka, mara nyingi zimechotwa zikiwa hai.

Nenda na vifuu. Wauza nazi wanavitupa bure. Chagua cha nazi iliyokomaa, si cha dafu, kikate kwa msumeno wa kukatia chuma, usigonge nyundo. Anza na msasa mkali, maliza na laini, kisha futa kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya nazi. Kitameta bila vanishi. Barakoa usiache, vumbi lake linakereketa kifua. Mabaki ya mpingo ya wachongaji yanafaa pia, ila mpingo uko kwenye orodha ya CITES tangu 2017, kwa hiyo uliza gogo lilitoka wapi.

Mali kauli, yaani kulipa baada ya kuuza, kwa mtunga shanga siafiki. Soko likilala, hasara ni ya mwenye biashara. Lipa siku anapokabidhi. Bei ya kipande ipange baada ya kutunga mwenyewe huku ukitazama saa. Kidani kikikuchukua saa mbili, lipa kazi ya saa mbili.

Ndoano za hereni tafuta zisizo na nikeli, wapo wateja wanaowashwa masikio.