Maktaba ipo lakini imefungwa

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi niko fomu tri, shule ya kata mkoani Morogoro. Maktaba yetu inafunguliwa saa nane mchana tu, muda ambao sisi tuko darasani, tukitoka saa tisa na nusu mwalimu mwenye funguo kashaondoka. Vitabu vya fizikia viko vitatu, vingine vya silabasi ya zamani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa kweli imeniuma, maana kitabu kilichofungiwa kabatini hakimsaidii mtu. Mi naona tatizo kubwa hapo sio vitabu kuwa vichache, ni funguo, na hilo linatatulika bila hela. Nendeni kwa mwalimu wa taaluma mkiwa na kiranja, mwambieni mko tayari kukaa zamu wenyewe kuanzia saa tisa na nusu hadi kumi na moja, mnaandika kwenye daftari nani kachukua nini na anarudisha lini, walimu wengi wakiona daftari linaenda vizuri wanalegea. Na msiende kulalamika tu, andikeni vitabu gani mnavihitaji, somo kwa somo.

Huku mkisubiri, Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao, vitabu vya kiada vya silabasi mpya unasoma bure kwenye simu, muombe mzazi akuazime jioni. Halafu pale Morogoro mjini kuna maktaba ya mkoa, ukipata nafasi jumamosi nenda, kaulize utaratibu wa wanafunzi.