Shangazi, naweza kumsomea rafiki yangu Zaburi ya 109?

*Shangazi, shikamoo. Mimi na rafiki yangu tumeimba kwaya moja miaka 12, na mtoto wake wa kwanza ndiye niliyemsimamia ubatizo. Mwaka jana alinikopa akiba yangu yote, akaahidi kurudisha baada ya miezi mitatu. Sasa hapokei simu, na nasikia anawaambia wanakwaya kwamba namzushia. Silali. Kila mtu ananiambia nisome Zaburi ya 23. Naisoma, hainigusi. Mwenzetu mmoja wa maombi kanishauri niisome ya 109 saa sita usiku, siku saba mfululizo, eti rafiki yangu atakiona cha mtema kuni. Je, ni dhambi? Na kwaya niache? – Moyo Mzito*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Ukiibiwa na mwizi unapiga yowe, majirani wakatoka. Ukiibiwa na mtu anayejua unapoficha ufunguo, yowe lenyewe linakukwama kooni.

Tuanze na hiyo 109, maana nahisi ndiyo iliyokufanya uandike. Kuisoma si dhambi. Imo kwenye Biblia pamoja na zile nyingine 149. Ila huyo aliyekupa dozi ya siku saba amekufundisha uganga akidhani ni sala. Halafu isome yote, usiruke. Mstari wa 9 na wa 10 unataka watoto wa adui wabaki yatima, watangetange wakiombaomba. Mmoja wa watoto hao ulimpakata wewe siku ya ubatizo wake. Ukifika hapo usiku wa manane, sauti itakutoka?

Sikuambii umeze hasira. Aliyeomba maneno yale alikuwa amechomwa, akayapeleka yote kwa Mungu, makali hivyo hivyo. Hakwenda nayo mlangoni kwa mtu, wala hayakuwa kombora la kurusha gizani. Fanya hivyo na ya kwako.

Lakini Zaburi yako wewe ni ya 55, na nashangaa hakuna aliyekutajia. Sikiliza mstari wa 12 hadi wa 14: “Kwa maana aliyetukana si adui; kama ndivyo, ningevumilia.” Kisha anageuka, anamsemesha mhusika usoni: “Bali ni wewe, mtu mwenzangu, rafiki yangu, niliyejuana nawe sana.” Walikuwa wakienda pamoja nyumbani mwa Mungu, anasema, wakipeana shauri tamu. Ni kama wanakwaya wawili! Na mstari wa 21 kuhusu kinywa kilicho laini kuliko siagi huku moyo ni vita, huo nadhani utaupigia mstari kwa kalamu.

Angalia pia jinsi mtu huyu asivyotulia. Mara anatetemeka, mara anatamani mbawa za njiwa aruke aende zake, mara anataka mauti iwapate ghafla. Ndipo mstari wa 22: “Umtwike Bwana mzigo wako naye atakutegemeza.” Watu huukata mstari huu wakaubandika ukutani, kana kwamba Zaburi imeishia hapo. Mstari unaofuata amerudi tena kwa watu wa damu na hila! Ametua mzigo, na bado hasira inamfukuta. Kwa hiyo ukisamehe usiku ukaamka asubuhi umefura, usidhani sala yako ilikuwa ya uongo.

Ya 23 usiitupe, itakusubiri. Utakapoirudia, tazama mstari wa 5: meza inaandaliwa “machoni pa watesi wangu”. Watesi hawajaondoka. Wapo, wanatazama watu wakila.

Namna ya kuisoma ya 55: kwa sauti, hata ya kunong’ona. Mstari wa 17 unataja jioni, asubuhi na adhuhuri, nawe jaribu hivyo. Ukimaliza wa 14 simama, taja jina la rafiki yako, taja na kiasi cha pesa. Kama kuna kulia, lia hapo hapo.

Deni ni jambo jingine, na kumtwika Bwana mzigo hakulifuti. Mfuate ana kwa ana. Akikukwepa, rudi na watu wawili anaowaheshimu, kama Mathayo 18 inavyoelekeza, na safari hii kiasi na tarehe viandikwe, atie sahihi. (Kukopeshana kwa maneno matupu kisa mnaimba sauti moja, jamani!) Na hilo la kutolala, kama limeshapita wiki mbili tatu, nenda kwa daktari. Zaburi haitaona wivu.

Kwaya usiache. Yeye ndiye anayedaiwa, iweje wewe ndiye ukimbie? Mwombe mwalimu akuhamishie upande mwingine, asiwe begani kwako. Tena fungua Biblia yako uone maneno madogo yaliyo juu ya Zaburi ya 55, kabla ya mstari wa kwanza. Imekabidhiwa kiongozi wa waimbaji, na ala za nyuzi. Kisa cha rafiki msaliti, siagi, panga na yote, kilitungwa ili kiimbwe. Mwulize mwalimu wenu kama anayo noti yake.