Diklofenaki haikunitoa mawazo

Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuvua kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, mimi nilikuwa na rejesho kila Jumatatu. Biashara yangu ni dagaa: nanunua Kibirizi, mwalo wa Kigoma, naanika, nasafirisha magunia hadi Tabora. Sasa biashara imelala, na mkopo wenyewe ndio ile mikopo ya kausha damu, yenye riba ya kunyonya. Wale hawana habari za ziwa kufungwa. Wanajua Jumatatu.

Nikaanza kuumwa mgongo, mabega, mwisho kichwa. Saa nane usiku nipo macho, napiga hesabu zilezile. Kijana wa duka la dawa akaniambia, "Shangazi, meza hii diklofenaki, itakata." Nikameza, ikakata. Ila nikagundua na jambo jingine: nikimeza asubuhi, kufika saa nne naweza kuongea na watu, hata kucheka. Basi nikajipa udaktari. Nikaamua dawa hii inatoa na mawazo. Nikawa nameza hata siku ambazo mgongo hauumi, kwa ajili ya moyo tu. Zaidi ya miezi miwili, kutwa mara mbili, mara nyingi tumbo tupu maana chakula kilikuwa hakipiti.

Agosti ziwa likafunguliwa. Dagaa wamerudi, wenzangu wako mwaloni alfajiri, mimi nimelala nimeelekea ukutani. Hilo ndilo lililopaswa kunishtua, lakini kilichonipeleka hospitali ni choo cheusi kama lami. Ukikiona hicho usisubiri kesho, ni damu inavuja tumboni. Nilikuwa na vidonda, na dawa niliyoipenda ndiyo iliyovichimba. Wakanipima na figo, maana nazo huumizwa na dawa hizi, na presha nayo hupanda.

Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa mwisho. Akauliza, "Mama, kwa wiki mbili hizi, ni siku ngapi umeona hakuna kinachokufurahisha?" Nikamjibu zote, nikaanza kulia. Alipotaja sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, mimi nilisikia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. (Kwetu ukisema akili inaumwa, watu wanakupandisha treni ya Dodoma hapohapo.)

Nikamuuliza: mbona zile dawa zilikuwa zinanichangamsha? Hakunicheka. Alisema msongo ukikaa miezi, mwili unaishi kama wenye jeraha. Kuna homoni ya kotisoli ambayo kawaida hutuliza uvimbe, yaani ile hali ya kinga ya mwili kuwaka kama inapigana na jeraha, lakini ikimwagika kila siku, seli huacha kuitii. Zile protini za kinga zinazoitwa saitokini hubaki zinazunguka, na habari zake hufika hadi kwenye ubongo: usingizi unakatika, hamu ya chakula na ya watu inakwisha. Akanipa mfano wa wagonjwa wa homa ya ini C waliotibiwa kwa intaferoni, dawa inayoamsha kinga hiyo. Wengi waliingia kwenye sonona wakiwa kwenye matibabu.

Na diklofenaki nayo ni dawa ya kutuliza uvimbe. Kwa hiyo wazo langu halikuwa la kijinga kabisa, na nilijivuna kidogo. Nilipokuja kusoma zaidi, majivuno yakapungua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walichapisha mwaka 2013 jaribio la watu 60 ambao dawa za kawaida za sonona hazikuwasaidia. Waliwapa infliximab, dawa nzito ya uvimbe inayoingizwa kwa dripu. Kwa ujumla haikuishinda dripu isiyo na dawa. Waliokuwa na dalili kubwa za uvimbe kwenye kipimo cha damu cha CRP ndio walioelekea kupata nafuu. Sonona si zote zina uvimbe ndani yake, na huwezi kujua yako ni ipi ukiwa umesimama dirishani kwenye duka la dawa. Mimi naamini kilichonichekesha saa nne ni mgongo kuacha kuuma, basi.

Vidonda vilipopona nilianzishiwa fluoksetini, dawa ya sonona. Wiki za kwanza sikuona kitu, karibu niache. Kama mwezi hivi ndipo usingizi ukarudi. Friji niliiuza nikamalizana na wale wa Jumatatu, na nadhani hiyo nayo ilikuwa nusu ya dozi. Dawa hii ikikutana na diklofenaki au ibuprofeni, hatari ya damu kuvuja tumboni inaongezeka, na mwenye duka hatajua kama humwambii. Mgongo ukiuma sasa nauliza kwanza kliniki, na mara nyingi naambiwa parasetamoli inatosha.

Ukienda kliniki beba kila unachomeza, na mitishamba pia. Mimi siku ile nilimwaga mezani pakiti nane. Binti yule akazipanga, akaweka tatu pembeni: majina matatu tofauti, zote diklofenaki.