Kabla hujasema hawaendani, kasome kitabu kwanza

Kwa miaka mingi mi nilikuwa naamini kabisa kwamba Hermione wa Harry Potter, zile hadithi za watoto wa shule ya uchawi, alitakiwa aishie kuolewa na Harry, sio na rafiki yao Ron, na nilikuwa naisema kwa kujiamini maana muvi zote nane nimeziangalia, zingine mara tatu. Yule Ron wa kwenye muvi kazi yake kuogopa, kula na kukodoa macho, sasa mwanamke mwenye akili kama zile anamfuata nini?

Msimu wa korosho uliopita wifi yangu akaja kutoka Lindi, akakaa kwetu hapa Chuno, Mtwara, siku kama tisa hivi. Jioni moja tuko barazani tunamenya ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, watoto wanacheza, nikaitoa hiyo hoja yangu. Wifi akauweka chini mng'oko aliokuwa ameushika.

"Wifi, huyo Ron unayemsema wewe mi simjui. Vitabu umesoma?"

"Nimeangalia muvi."

"Basi bado hujaonana naye."

Iliniuma kwa kweli. Ila aliporudi kwao akanitumia vitabu vyote saba kwa basi, kwenye boksi la sabuni lililofungwa kamba, nikawa nasoma usiku watu wakishalala, umeme ukikatika natumia tochi ya simu, na mpaka nafika kitabu cha tatu nilishampigia kumwambia wifi nisamehe.

Kilichonibadilisha ni kugundua kwamba Ron kanyang'anywa maneno yake. Kitabu cha kwanza kilitoka 1997, kuna sehemu wale watoto watatu wanaangukia kwenye mmea unaonyonga watu. Kwenye muvi ya 2001 Ron anapiga kelele kama kifaranga na Hermione ndo anaokoa. Kitabuni Hermione anajua dawa ya ule mmea ni moto, ila kapaniki, anahangaika kwamba hapa hamna kuni, na Ron ndo anamfokea amkumbushe kwamba yeye si ana uchawi wake mkononi! Yani huyu ana elimu, na yule anamrudisha pale akili inaporuka. Hapo hapo unaona kwa nini wanahitajiana.

Halafu kitabu cha tatu, mwalimu Snape anamdhalilisha Hermione darasani kwamba anajifanya mjuaji. Ron anamjibu mwalimu mbele ya darasa zima mpaka anapewa adhabu. Kwenye muvi ya 2004 unajua anafanya nini? Anamwambia Hermione mwalimu ana pointi. Mi niliposoma hii nilifunga kitabu nikakaa kimya kabisa, maana tukio ni lile lile, darasa lile lile, ila mwanaume aliyesimama kwa ajili yako na mwanaume aliyekuacha ukadhalilika ni watu wawili tofauti, na mimi miaka yote nilikuwa namhukumu wa kwanza kwa makosa ya wa pili.

Ila kubwa kuliko yote ni la wale vijitu wa jikoni. Kitabu cha nne, Hermione anagundua kwamba chakula cha shule kinapikwa na vijitu wanaotumikishwa bila mshahara, anasukuma sahani, hali tena. Ron pale anamletea utani, anamtajia vitamu vyote vilivyo mezani ili amtamanishe. Hermione anaanzisha chama cha kuwatetea na Ron anaona ni usumbufu mtupu. Sasa twende kitabu cha saba, vita imeshaingia shuleni, kila mtu anawaza roho yake, na Ron ghafla anasema jamani tuwaambie wale wa jikoni waondoke wasije wakafa kwa ajili yetu. Hermione anaangusha vyote alivyobeba, anamrukia, anambusu, ndo busu lao la kwanza. Muvi hazikukiweka kile chama, kwa hiyo busu lao la 2011 linatokea tu baada ya maji kuwamwagikia, zuri machoni lakini halina historia. Kitabuni lina vitabu vitatu nyuma yake, mtu kabadilika taratibu mpaka kinachomuuma mwenzie kinamuuma na yeye.

Najua mwaka 2014 mwandishi mwenyewe, J.K. Rowling, alipohojiwa na Emma Watson, yule aliyeigiza Hermione, alisema ile ndoa aliipanga zaidi kwa kung'ang'ania wazo lake la mwanzo. Sawa, ni haki yake, ila mi nasimama na kurasa alizoandika.

Na sisemi muvi zinaharibu tu. Kwenye muvi ya Pride and Prejudice ya 2005 Darcy, bwana anayeficha hisia zake, anamsaidia Elizabeth kupanda gari la farasi, halafu anaondoka huku vidole vinajinyoosha vyenyewe. Kwenye riwaya yenyewe ya Jane Austen ya 1813 hakipo hicho, na bado kimesema kweli tupu kuhusu yule mtu.

Ukitaka la kwetu chukua Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, wengi tumeisoma sekondari. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 inaliweka penzi la Yasmini na Denge katikati, na ukiwaona kwenye kioo unataka wabaki pamoja milele. Riwaya inakukumbusha kwamba Denge kwanza ni mtu wa harakati za uhuru, na Yasmini mwishoni anaolewa na mwanaume mwingine, Bukheti. Nilipokuwa shule nililia kwa ajili ya Denge. Sasa hivi nina ndoa na watoto na namuelewa Yasmini vizuri sana.

Kwa hiyo mi siku hizi nasoma kwanza, nakaa hata wiki mbili, ndo naangalia. Na nikiangalia sijiulizi kama wanapendeza wakiwa pamoja, maana waigizaji wazuri watapendeza na yeyote. Najiuliza huyu kamfanyia nini mwenzie siku ambayo haikuwa na muziki nyuma, na kama sikioni narudi kitabuni kukagua kama kilikuwepo kikakatwa.

Binti wa dada yangu yuko form five hapa Mtwara, juzi kanijia na hoja ile ile ya kwangu, na mimi sikubishana naye. Nimempa kitabu cha nne, nimekunja ukurasa pale Hermione anaposukuma sahani.