Mkono wa Birika Ukiachia Noti: Kuchora Kibonzo cha Bahili Anayetoa Shingo Upande

Msomaji mmoja ametuma kibonzo chake cha fremu sita, anauliza kwa nini rafiki zake hawacheki. Bahili anaombwa mchango wa harusi, anakataa, usiku anaota ndoto mbaya, asubuhi anaamka analia na kugawa fedha mtaa mzima. Mistari ni safi, nyuso zinasomeka. Kilichoua kicheko ni hiyo toba. Bahili akishatubu yanaanza mawaidha, na mawaidha watu wanayapata bure kila Ijumaa na Jumapili.

Bahili wa kuchekesha hutoa pale uchoyo wake mmoja unapouzidi nguvu mwingine. Carl Barks, mchoraji wa vibonzo vya Disney, alipomleta bata bahili Scrooge McDuck kwa mara ya kwanza, mwaka 1947, hakumpa moyo laini: mzee anataka kutoa zawadi za Krismasi, ila kwanza avae vazi la dubu ampime mpwa wake kama ni jasiri. Huko kuzungukazunguka kabla ya kutoa ndiko kunakochekesha.

Sasa chukua mchango uleule wa harusi, ukate uwe fremu nne. Ya kwanza: mhazini wa kamati mlangoni, daftari mkononi, "Mzee, ile ahadi ya elfu kumi." Ya pili: noti imetoka, wote wawili wameishika, hakuna neno hata moja. Ya tatu: ukumbini, wamevaa za sherehe, noti bado imeshikwa pande zote mbili, mbele ya mzee kuna sahani ya pilau na mhudumu ameinama na birika, "Nawa, mzee." Ya nne: mkono umezama kwenye pilau, noti iko kwa mhazini, mzee mashavu yamejaa, "Nimetoa kwa moyo mmoja!"

Mzigo wote umebebwa na mkono wa kulia. Kula kwa kushoto ni aibu, kwa hiyo mzee lazima achague kati ya elfu kumi yake na chakula cha bure. Usiweke kijiko mezani. Ukikiweka, msomaji atauliza kwa nini asikitumie na kichekesho kitavuja. Mhazini akae kushoto kwa msomaji katika fremu zote, mzee kulia akitutazama. Hapo mkono wake wa kulia ndio ulio karibu na noti. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanajipiga picha ya mfano kwa kamera ya mbele ya simu, ambayo mara nyingi hugeuza picha kama kioo, wanainakili ilivyo, na mzee anajikuta ameshika noti kwa kushoto. Tumia kamera ya nyuma.

Ugumu wa kutoa hauko usoni pekee. Uweke vidoleni: dole gumba limebonyea, mikunjo ya noti imetawanyika kuanzia pale lilipobana, noti imenyooka kama kamba ya kuanikia. Kiwiliwili kinaegemea nyuma huku mdomo ukitabasamu. Mboni za macho zitazame noti, kamwe zisimtazame mhazini. Matone ya jasho mawili yanatosha; ukiweka kumi unamwelekeza msomaji mahali pa kucheka, na msomaji hapendi kuelekezwa. Noti yenyewe ichore kwa mistari michache na namba 10,000 kubwa, maana kwenye simu mapambo yote yanageuka doa.

Vipimo. A4 iliyolazwa ina upana wa milimita 297. Acha 15 kila upande, na 5 kati ya fremu na fremu. Kila fremu inabaki na 63. Urefu wa 80 unafaa. Chora kwa penseli ngumu ya 2H bila kukandamiza, pitisha kalamu ya wino ya milimita 0.5 kwa watu na 0.8 kwa mipaka ya fremu. Raba isubiri wino ukauke kabisa, la sivyo utakokota weusi juu ya pua ya mzee. Skani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa inchi.

Maneno yaandikwe kabla ya watu kuchorwa, kiputo, lile duara la maneno, kizungushwe baadaye. Kiswahili kina maneno marefu yasiyokatika vizuri. "Nimekwishamwambia" lina herufi 17. Kwa herufi kubwa za urefu wa milimita 3 linakula kama 45 kati ya zile 63. "Nilishasema" inafanya kazi ileile. Na anayeanza kusema kiputo chake kiwe juu kushoto, kwa kuwa jicho linaanzia hapo.

Kwa simu, panga mbili juu na mbili chini kwenye mraba wa pikseli 1080: ukingo 40, mwanya 20, kila fremu 490. Herufi zisipungue pikseli 36 kwa urefu. WhatsApp hubana picha na kutia ukungu mistari myembamba, hivyo tuma kama faili.

Kuna utani mmoja unaopatikana bila kuuandika. Katika fremu ya pili, mkono wa kushoto wa mzee ushike kiuno, kiwiko kikiwa nje. Ukilinganisha na birika la fremu ya tatu, mpini kwa mpini, watakaoona wataona. Usiwatilie mshale.