Kabla ya Kuchagua Shahada ya Biashara, Omba Orodha ya Masomo ya Mwaka wa Tatu

Binti wa kaka yangu alinijia nyumbani jioni moja, siku chache baada ya matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, kutangazwa, akiwa na karatasi aliyoandika majina ya shahada sita: Biashara, Usimamizi wa Biashara, Rasilimali Watu, Ununuzi na Ugavi, Masoko, na Uchumi. Akaniuliza, "Shangazi, katika hizi ni ipi yenye kazi?" Nilimwomba anipe siku mbili nifikiri, kwa kuwa swali hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wake, nikajibiwa kwa haraka, na jibu lile la haraka likanigharimu. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyomjibu, pamoja na mambo mengine ambayo wazazi hapa Mombasa wamekuwa wakinisimamisha njiani kuniuliza.

Mimi niliambiwa nichukue Usimamizi wa Biashara kwa sababu "ni pana". Ni kweli kwamba ni pana. Lakini nilipofika mwaka wa tatu, wenzangu wa Shahada ya Biashara, ile iliyozoeleka kwa jina la BCom, walianza kugawanyika: hawa uhasibu, wale fedha, wengine bima au masoko, ilhali sisi tuliendelea na masomo ya utangulizi, utangulizi wa hili na utangulizi wa lile, hadi tukahitimu tukijua kidogo kidogo katika kila jambo. Nilipoamua baadaye kufanya CPA, mitihani ya uhasibu inayosimamiwa na KASNEB, niligundua kwamba msamaha wa mitihani hutolewa kwa kuangalia yale ambayo mwombaji ameyasoma kweli katika shahada yake. Mwenzangu aliyebobea katika uhasibu alisamehewa mitihani mingi, nami nikasamehewa michache, na kwa karibu miaka miwili nilikuwa nikitoka kazini jioni kwenda kusoma mambo ambayo ningeliweza kuyasoma chuoni kwa ada ile ile aliyokuwa akinilipia baba yangu.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililomwambia binti yetu ni kuiweka kando ile karatasi ya majina. Mwaka wa kwanza wa karibu shahada zote hizo hufanana: misingi ya uhasibu, uchumi, hisabati za biashara, mawasiliano, takwimu na sheria kidogo. Tofauti huanza kuonekana mwaka wa tatu na wa nne, na huko ndiko mwanafunzi anapaswa kutazama kabla hajajaza chaguo lake katika tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni. Nenda chuoni, uingie katika ofisi ya idara, uombe orodha ya masomo ya miaka yote minne. Hiyo ni haki yako. Kisha uhesabu ni mangapi katika mwaka wa tatu na wa nne yanayoendeleza fani moja kutoka pale yalipoishia ya mwaka wa pili, na ni mangapi yanayoanza upya na kuishia palepale. Hesabu hiyo itakueleza mengi kuliko jina lililoandikwa juu ya cheti. Zipo shahada za Usimamizi wa Biashara zilizopangwa vizuri sana, zenye kumpa mwanafunzi nafasi ya kubobea, na zipo BCom zisizo na kina. Hayo yote huonekana katika orodha.

Pamoja na orodha hiyo, uulize kama chuo na shahada yenyewe vinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na kama chombo cha taaluma unayoitaka kinaikubali shahada hiyo. Nchini Kenya kazi nyingi za ofisi za biashara zimewekewa sheria. Wahasibu wana Sheria ya Wahasibu ya 2008. Wanaosimamia ununuzi na ugavi wana sheria yao ya 2007. Na tangu 2012 wataalamu wa rasilimali watu nao wana sheria inayowataka wasajiliwe na kuwa na cheti cha kuruhusiwa kufanya kazi hiyo. Mhitimu wa Rasilimali Watu asiyeyajua haya hufika kwenye usaili akiwa na shahada mkononi, akaulizwa namba ya uanachama, akanyamaza. Nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili nikaona kijana mwerevu akinyamaza hivyo, na iliniuma, kwa sababu hakuna mhadhiri aliyemdokezea katika miaka minne yote.

Sasa niseme juu ya hesabu, kwa maana wengi wanaokimbilia masomo ya biashara huja wakikimbia hesabu. Hilo ni kosa kubwa. Vyuo vingi hutazama alama ya Hisabati katika masomo ya kujiunga, na hata pale isipotazamwa kwa ukali, takwimu na uhasibu wa gharama vitakungojea mwaka wa pili. Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba hesabu zenyewe haziogofyi ukizifunga na kitu unachokijua. Somo la gharama mimi nililielewa siku nilipoacha mfano wa kiwanda uliokuwa katika kitabu, nikamfikiria mama anayeuza viazi karai karibu na soko la Kongowea. Tuseme kibanda analipia shilingi 9,000 kwa mwezi, auze sahani asiuze. Hiyo ndiyo gharama isiyobadilika. Viazi, unga, mafuta, mkaa na ukwaju wa sahani moja vinamgharimu shilingi 35, naye anauza shilingi 50, kwa hiyo kila sahani inamwachia shilingi 15 za kulipia kibanda. Gawanya 9,000 kwa 15 upate sahani 600. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ni lazima auze zaidi ya sahani 23 kila siku kabla hajapata hata shilingi moja ya kwake. Mafuta yakipanda, na gharama ya sahani ikafika shilingi 38, anabakiwa na shilingi 12, na zile sahani 600 zinakuwa 750. Ukiielewa hesabu hii, umeelewa sura nzima ya kitabu, na utaelewa pia kwa nini mfanyabiashara anaweza kuwa na wateja wengi kuliko jirani yake na bado akafunga mwezi kwa hasara.

Mji wetu una bahati ya kuwa na mifano ya namna hii kila upande. Kontena likishushwa katika bandari ya Kilindini hupewa siku chache bila malipo ya hifadhi, na zikipita ada huanza kuhesabiwa kila siku, mbali na zile zinazodaiwa na kampuni ya meli yenye kontena. Mwanafunzi wa ugavi anayeweza kuandika hatua zote za mzigo mmoja, kutoka nyaraka za forodha hadi lango la bandari, akaonyesha siku zilipopotelea na fedha zilizokwenda nazo, ana jambo la kusema mbele ya mwajiri yeyote. Hata hivyo nimewaonya vijana wasijifungie katika kazi ya bandari pekee. Mwaka 2019 Serikali ilipoagiza mizigo ya kwenda Nairobi isafirishwe kwa reli mpya na kutolewa huko, ofisi nyingi za hapa za kutoa mizigo zilitikisika, na ingawa shughuli hiyo ilirudishwa Mombasa mwaka 2022, waliobaki na ajira muda wote huo, katika wale ninaowajua, ni wale waliokuwa na uhasibu au utaalamu mwingine wa kuhamia nao mahali pengine.

Vivyo hivyo katika fedha. Hapa Pwani mudharaba na musharaka, yaani mikataba ya Kiislamu ya kushirikiana katika biashara, ni maneno tunayoyasikia nyumbani kabla hatujayasikia darasani, na tangu Gulf African Bank ianze kazi mwaka 2008 yamekuwa pia maneno ya ajira. Kama idara unayoiendea ina somo la fedha za Kiislamu, lichukue, hata kama wewe si Mwislamu, kwa sababu litakufundisha kwa uwazi tofauti kati ya kukopesha na kushirikiana katika faida na hasara.

Nilipopelekwa kwenye mafunzo ya kazini, katika ofisi moja ya kutoa mizigo, wiki ya kwanza nilipewa taarifa ya benki na daftari la fedha nikaambiwa nivilinganishe. Somo hilo nilikuwa nimelifaulu kwa alama ya A. Nilikaa hadi saa kumi jioni nikitafuta tofauti ya shilingi elfu kadhaa, nisijue kwamba ilikuwa hundi iliyotolewa na bado haijapelekwa benki, na mhasibu aliyenisaidia alikuwa na diploma tu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwashauri wanafunzi wasingoje mwaka wa tatu. Likizo ya kwanza kabisa, omba kushika daftari la duka la jamaa yako, au la kikundi cha akina mama cha mtaani, na ujifunze Excel kwa hesabu zao za kweli. Hutalipwa, pengine utapewa nauli. Lakini utakutana na risiti zilizopotea na deni lisiloandikwa, mambo ambayo mtihani hauna.

Aliyepata chini ya C+, ambayo ndiyo alama ya kuingilia shahada, asikate tamaa: njia ya diploma ipo, na vyuo kadhaa humruhusu mwenye diploma nzuri kuanza shahada akiwa amehesabiwa baadhi ya masomo. Aulize kwa maandishi ni masomo yapi. Mikopo ya HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, nayo iombwe mapema, maana kuchelewa kwa ada kumewakosesha wengi mitihani ya muhula.

Binti yetu alirudi wiki iliyofuata na orodha mbili, moja ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na nyingine ya chuo kingine. Tulizitandaza mkekani, tukachukua kalamu nyekundu, naye akaanza kuyazungushia duara masomo yote ya mwaka wa tatu yanayoanza na neno "utangulizi".